Sponji za Bahari katika Kidimbwi cha Baba

Baba alipolazwa hospitali kwa ugonjwa wa kifua, aliniachia kidimbwi chake cha samaki kule milimani Chawia. Alikichimba mwenyewe baada ya kustaafu, akafuga tilapia, na kila nilipokwenda kumwona aliniuliza habari za samaki kabla hata hajaitikia salamu.

"Wako sawa, Baba," nilimjibu.

Hawakuwa sawa. Mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, mvua ilichelewa, maji ya mfereji yakawa ya zamu, na kidimbwi kikageuka kijani kizito. Alfajiri samaki walipanda juu, midomo wazi, wakitafuta hewa. Siku za kazi nilikuwa Voi, nikishona nguo katika duka la mama mmoja wa asili ya Pwani, mtaa wa Kaloleni. Aliona ninavyoharibu mishono, akaniuliza kuna nini. Nikamweleza.

"Ndugu yangu ni mzamiaji wa baharini," akasema. "Hebu nimuulize, mwanangu."

Jibu likaja baada ya siku chache. Kuna sponji zinazoishi kwenye miamba chini ya bahari. Si mmea, ni mnyama hasa. Hunyonya maji machafu na kuyatoa yakiwa safi, mchana kutwa. Jamaa mmoja kule kwao alikuwa ameziweka alikofugia samaki, na maji yalikuwa yanang'aa.

Mzamiaji alizileta mwenyewe Voi Jumamosi, ndani ya ndoo ya maji yenye mfuniko. Zilikuwa nne, za rangi ya chungwa, laini, zenye vitundu vitundu.

"Usizitoe majini hata kidogo," akanionya. "Hewa inaziua."

Nilipanda nayo ndoo ile hadi Chawia nikiikumbatia, nikiogopa kila shimo la barabara. Nikazishusha kidimbwini moja moja. Jumapili nilikwenda kuchungulia mara sijui ngapi. Maji yalikuwa vilevile. Nilijiambia zinahitaji muda.

Jumatatu asubuhi sikurudi Voi. Harufu ilinifikia nikiwa bado mlangoni. Sponji zimekuwa nyeusi, zinateleza kama kamasi, na samaki watatu wanaelea kiubavu. Mama jirani, mwenye shamba la kabichi chini yetu, akapanda ameziba pua kwa leso.

"Umetia nini humu?"

"Kitu cha kusafisha maji, mama. Kimetoka baharini."

Akanitazama. "Baharini si ni maji ya chumvi?"

Viumbe wa chumvi nimewatia kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, wamekufa, sasa wanaozea juu ya samaki wa Baba.

Niliingia kidimbwini na nguo zangu, nikazitoa sponji vipande vipande kwa mikono. Mama jirani alizibua tundu la chini kutoa maji yale, kisha, bila kuniuliza, akaenda kuugeuza mfereji uje kwetu. Ilikuwa zamu yake.

"Na kabichi zako?"

"Kabichi zitangoja. Hawa hawangoji."

Hadi jioni tulitoa samaki waliokufa kwa karai, karibu nusu yao. Waliobaki wakaacha kutafuta hewa, wakashuka chini polepole.

Kesho yake nilikwenda hospitali. Njia nzima nilipanga uongo, lakini Baba aliponiuliza, ulimi ulikataa. Nikamwambia yote, hata zile "wako sawa" za kila wiki.

"Huyo wa bahari," akasema, "hakukuuliza kidimbwi chetu kina maji gani?"

"Hakuuliza, Baba. Alidhani ni ya chumvi kama kwao. Nami sikuuliza."

Akakohoa, akageukia ukuta. Nilikaa pale kwenye kiti nisijue kama niondoke. Halafu nikasikia sauti yake, bado amenipa mgongo.

"Waliobaki wanakula?"

"Leo asubuhi wamekula kidogo."

"Basi usiwape chakula kingi. Maji yatachafuka tena."