Miezi Kumi na Tisa ya Kungoja

Mwalimu Kache Thoya alipewa kazi ya kuwashauri wanafunzi kuhusu vyuo kwa sababu vipindi vyake vya Jiografia vilikuwa vichache kuliko vya wenzake. Mapema mwaka wa tisini na mbili, mwalimu mkuu, Bi Mwende, alimwita ofisini, akamsukumia faili la kijani lililojaa fomu za kuombea nafasi chuo kikuu, akamwambia ahakikishe wasichana wa kidato cha nne wamezijaza kabla mwezi haujaisha. Mafunzo hakupewa, chumba hakupewa. Faili lile ndilo lililokuwa kila kitu.

Ilikuwa shule ya wasichana ya kutwa, kule Tudor. Wanafunzi wake walitoka Majengo, Mji wa Kale na nyumba za wafanyakazi wa bandari huko Mbaraki. Katika nyumba nyingi hakukuwa na mtu aliyewahi kukanyaga chuo, seuze kujua fomu yake inajazwaje. Kache aliishika kazi ile kwa moyo kuliko alivyotarajiwa. Yeye mwenyewe alizaliwa Kaloleni, na mwaka aliomaliza kidato cha nne alikuwa amepata alama za kumpeleka kidato cha tano, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba zinatosha. Alikuja kulijua hilo miaka minne baadaye, akiwa chuo cha ualimu, alipozitazama alama za mwenzake aliyeendelea. Hakulisimulia kwa watu, lakini halikumtoka.

Basi akafagia stoo ya ramani, akaweka viti viwili, akawa anawaita wasichana mmoja mmoja. Aliona mambo ya ajabu. Nusu yao walikuwa wameandika uanasheria kwa kuwa ndio waliousikia redioni. Wengine walichagua kozi zinazotaka Fizikia, na Fizikia hawakuisoma. Kache alikaa nao, akawaeleza somo lipi linafungua mlango upi, akafuta na kuandika upya hadi kifutio kikabaki kama punje ya hindi.

Fomu moja ilirudi tupu. Ilikuwa ya Mwanarusi, msichana wa Kibokoni, mwembamba, mtulivu, ambaye kwa Kemia hakuwa na mfano pale shuleni. Mamake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na nyanyake, Bi Mejumaa. Kache alipomuuliza kwa nini hakujaza, alitazama chini akasema kwamba nyanya hajasema neno.

Jumamosi ile Kache akashuka Kibokoni. Bi Mejumaa alimpokea vizuri, akamwandalia chai ya tangawizi na mkate wa sinia, akamuuliza kwanza habari za wazazi wake, wazima au wamekufa, na mvua za Kaloleni. Masomo hayakumtia hofu yule bibi. Alichotaka kujua ni mtoto atalala wapi, atakula kwa nani, na akiugua huko Nairobi ni mkono gani utakaompa maji. Kache alikiri kwamba hajui. Alirudi wiki ya pili akauliza kama kuna jamaa yeyote bara, akatajiwa Swabaha, binamu wa marehemu mamake Mwanarusi, aliyeolewa Pumwani, huko huko Nairobi. Akamwandikia barua. Swabaha akajibu kwamba mtoto wa ndugu yake hawezi kulala kwa watu ilhali yeye yuko hai.

Kache alikwenda na jibu hilo mara ya tatu. Bi Mejumaa alisomewa barua mara mbili. Barazani alikuwepo mwanawe, Famau, fundi wa saa wa Ndia Kuu, ameinamia saa ya mtu.

"Mwalimu, nimekupa," alisema Bi Mejumaa. "Siku utakayokuja na barua ya chuo, siku hiyo hiyo ataondoka. Madhali niko mimi, hapana atakayemzuia."

Mwanarusi alijaza fomu pale pale mkekani. Chaguo lake la kwanza lilikuwa ufamasia. Nyumba haikuwa na sanduku la posta, kwa hiyo Kache akamwambia aandike la shule.

Matokeo yalitoka mwezi wa tatu mwaka uliofuata, na Mwanarusi alikuwa wa kwanza shuleni. Alipokuja kuyachukua, Kache alimkumbatia mbele ya walimu wote, jambo ambalo si kawaida yake. Msichana aliuliza afanye nini sasa.

"Ungoje barua, mwanangu," Kache alimwambia. "Kazi yetu tumeimaliza. Iliyobaki ni ya posta."

Maneno hayo aliyasema kwa furaha, na kwa miaka mingi baadaye alitamani angeweza kuyameza.

Maana barua haikuja. Siku zile waliofaulu walikuwa wengi na nafasi chache, kila kundi likingoja lile lililotangulia liingie, na juu ya hayo wahadhiri wakagoma, vyuo vikafungwa. Mwaka ukapinduka. Kache alikuwa na darasa jingine la kidato cha nne, fomu nyingine, wasichana wengine wa kuketi nao stoo. Mara kwa mara alifika Mji wa Kale kwa shughuli zake, akafika hadi karibu na njia ya Kibokoni, akasita. Aliona haya kwenda mikono mitupu. Nitawaambia nini, alijiuliza, na barua sina? Akajiahidi kwamba atapita ikishafika. Hivyo ndivyo ilivyopita miezi kumi na tisa.

Barua ilifika mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na nne. Kache aliufungua mfuko wa posta mwenyewe, akalitambua jina juu ya bahasha, akaomba ruhusa kwa Bi Mwende, akatoka kabla ya chakula cha mchana. Alipofika Kibokoni alikuwa anahema. Famau alikuwa barazani na vyombo vyake vya saa. Kache alimwamkia, akamwambia kwamba leo amekuja na ile barua, na akaomba amwone Bi Mejumaa.

Famau aliweka chini kibano chake, akamsogezea nafasi akae.

"Mamangu alifariki Shaaban," alisema.

Kache alikaa, bahasha mkononi. Aliapa kwamba hakujua.

"Ungejuaje, mwalimu? Hukupita." Hakusema kwa ukali, na huo upole wake ndio uliomchoma Kache zaidi. "Alikutaja katika maradhi yake. Alikuwa akiuliza, yule mwalimu amekuja?"

Kisha akamweleza yote, taratibu, kama mtu anayempa mgeni haki yake. Baada ya hitima msichana alibaki ndani ya nyumba ya mjomba mwenye watoto watano, hana shule, hana kazi, wala hana nyanya. Watu wakaanza kuuliza anawekewa nani. Mfungo mosi, baada ya Ramadhani, akaja mtu wa Lamu, anayeuza vipuri vya magari, kijana wa watu, akaposa kwa heshima. Mwanarusi akaomba miezi mitatu, akapewa. Katika miezi hiyo alikwenda shuleni Tudor mara mbili kuulizia barua. Mara ya kwanza ilikuwa likizo, lango limefungwa. Mara ya pili mlinzi alimwambia Mwalimu Kache yuko mkutanoni, akaona haya kungoja, akarudi. Miezi ilipokwisha hakuwa na neno la kusema tena. Waliozwa mwezi wa saba.

"Mimi sikumkataza chuo," alisema Famau. "Lakini mtu hawezi kumweka mtoto wa kike juu ya ahadi, na mwenye kuahidi haonekani."

Kache aliuliza Mwanarusi yuko wapi. Famau alifunga vyombo vyake, akampeleka mwenyewe hadi nyumba ya Mwanarusi, si mbali, upande wa Mlango wa Papa.

Mwanarusi alifurahi kumwona. Alikuwa amejaa kidogo usoni, na mkononi alishika ndimu aliyokuwa akiinusa, kwa sababu ya kichefuchefu cha mimba changa. Aliisoma barua amesimama, akairudia. Akauliza kama kozi ni ile ile. Kache akamwambia ni ile ile, na kwamba wanatakiwa kuripoti baada ya wiki tatu. Akaanza kumweleza kwa haraka kwamba kuolewa si kizuizi, kwamba ataandika kuomba wamhifadhie nafasi hadi ajifungue, kwamba atazungumza na mumewe na Swabaha wa Pumwani bado yupo. Alizungumza kwa muda mrefu. Mwanarusi alimsikiliza kwa adabu ile ile ya darasani, kisha akaikunja barua, akairudisha ndani ya bahasha na kumpa.

"Kaa nayo wewe, mwalimu. Nilijifunza kutoingoja, na ilinichukua muda. Tafadhali usinirudishe kule."

Hata hivyo Kache aliandika. Alimwandikia msajili wa chuo kurasa mbili, akaeleza kisa chote. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja, kwamba nafasi haihifadhiwi. Hakumpelekea Mwanarusi jibu hilo.

Kwa majuma kadhaa Kache hakuweza kuingia stoo ya ramani. Mumewe, Sammy, karani wa ghala huko Mbaraki, alimwambia kwamba hakuifunga yeye milango ya vyuo, wala si yeye aliyemuua yule bibi. Kache alijua ni kweli, na haikumsaidia. Alichokuwa akikihesabu ni zile mara alizofika karibu na njia ya Kibokoni akageuka. Alizihesabu zikawa saba.

Januari akanunua daftari, akaandika majina ya wote waliokuwa wakingoja, na nyumba zao. Kila Jumamosi alitoka. Alikwenda hata kama hana habari, akakaa, akanywa chai, akasema wazi kwamba bado, na wazazi wakaona kwamba mwenye kuahidi yupo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanaongojea walikutana shuleni, wakajifunza kupiga taipu kwenye mashine mbovu ya ofisi na kuwasomesha wadogo zao hesabu. Sidi, mtoto wa mpakuzi wa mizigo ya meli huko Mbaraki aitwaye Joab, alingoja mwaka na nusu. Babake alikuwa amemtafutia kazi ya kufagia ofisi za bandarini. Kache alikaa na Joab Jumamosi sita hata akakubali kumwachia mtoto angoje, na Sidi akaenda chuo cha Njoro kusomea kilimo. Wengine walikwenda pia. Wengine, pamoja na daftari lote lile, walimponyoka: mmoja kwa maradhi, mmoja kwa Dubai, wawili hakujua kwa nini.

Alimwona Mwanarusi mara moja tu baadaye, mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua kubwa iliyoharibu barabara. Ilikuwa Marikiti, penye wauza viungo. Alikuwa na watoto wawili, mmoja kiunoni na mmoja amemshika buibui. Waliamkiana kwa furaha, wakaulizana habari za nyumbani, wakalalamika kuhusu bei ya nazi. Mjomba Famau mato yamemwishia nuru, akasema Mwanarusi, saa hatengenezi tena.

Kisha akaanza kuuliza habari za wenzake wa darasa. Aliwataja mmoja mmoja kwa jina, kwa mpangilio waliokuwa wakikaa: nani yuko wapi, alisomea nini, amemaliza? Kache alimjibu kila mmoja. Huyu ni mwalimu Kwale. Huyu yuko benki. Mwanarusi alipofika kwa Mirriam, aliyekuwa akikaa naye dawati moja na kunakili Kemia yake, Kache alisita.

"Mirriam anamalizia ufamasia," alisema. "Yuko mazoezini, hospitali moja Kisumu."

Mwanarusi alitikisa kichwa taratibu, akasema alhamdulillahi, na sauti yake haikuwa na kinyongo. Akamuuliza tena huyo aliyekaa nyuma ya Mirriam. Walimaliza darasa zima, safu kwa safu, huku mtoto akimvuta buibui na muuza bizari akiwaomba wasogee kando wateja wapite.