Nilipokataa Kung'oa Meno ya Plastiki

Nilizaliwa Kasulu, nikasomea meno kwa sababu ya kitoto: nilitaka udaktari ambao wagonjwa hawafi. Nikapangiwa hospitali ya Kibondo. Nilifundishwa kuziba na kuokoa jino, lakini dawa ya kuzibia ikifika leo, kesho imekwisha, na mgonjwa mwenyewe hataki hadithi. "Ng'oa tu, daktari, nirudi shambani." Nang'oa. Niliyesoma naye yuko Dar es Salaam, ananyoosha meno ya watu kwa nyaya, na kila akipiga simu huniuliza nang'ang'ania nini huku. Hunikera.

Asubuhi moja ya masika mama kijana alifika kutoka Kumsenga na mama mkwe wake. Kichanga chao kilikuwa kinaharisha na kuchemka homa. Mama mkwe akakifungua mdomo, akanionyesha ufizi uliovimba kidogo.

"Meno ya plastiki haya. Ndiyo yanayommaliza. Yatoe."

Hakuna meno ya plastiki. Ni meno ya utotoni yenyewe, bado laini na meupe, yanasubiri zamu yao chini ya ufizi. Lakini huku kwetu mtoto akiharisha hulaumiwa hayo, na wapo watu vijijini wanaoyachokoa kwa spoku ya baiskeli.

Niliwaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani, ingawa nilikuwa nimeshakasirika. Nikawaonyesha wodi ya watoto, ng'ambo tu ya ua. Bibi akanitazama kwa huruma.

"Oya, mwana wanje," alisema kwa Kiha, yaani hapana, mwanangu. "Umesoma, lakini haya hukufundishwa."

Nikawaona wanaipita wodi, wanaelekea getini. Ningefanya nini, niwafunge kamba?

Waliporudi siku chache baadaye, ufizi ulikuwa umechimbwa na kujaa usaha, na mtoto hana nguvu ya kulia. Safari hii wodi waliikubali. Wenzangu wakaweka dripu, mimi nikasafisha kidonda. Kesho yake akafariki.

Mwaka huu nilikwenda likizo nyumbani, nikawa sokoni Kasulu nikichagua maharage, mtu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ni yule mama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo liliniumiza zaidi.

"Tulikuja kwako kwanza, daktari," alisema. "Vyombo vyako ni visafi. Ungeyatoa wewe, angekuwa hai."

Kuhusu vyombo alisema kweli. Akageuka kunionyesha mgongo wake: mtoto mwingine, amelala, mdomo wazi.

"Huyu naye yakimwota, utakubali?"

Nikamwambia amlete kwangu, asimpeleke popote pengine. Alishukuru sana, akaondoka amefurahi, nami nikabaki pale kwenye maharage, sijui nimemwahidi nini.