Makala Yake Ilitajwa, Yangu Ikakaa Kimya

Mwenzangu niliyesoma naye shahada ya pili ya uuguzi alipangiwa kufundisha chuoni Kasulu, mimi nikarudi wodi ya wazazi Kibondo. Tulichapisha makala zetu mwaka mmoja. Yangu ilihusu vidonda vya akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Yake ilihusu sisi wauguzi wa kutoka mikoa mingine, tusiojua Kiha, lugha ya wenyeji wa huku, tunavyomwelewa vibaya mjamzito anapoeleza maumivu yake. Nilipoisoma niliiona nyepesi. Mimi nilikuwa nimepita kitanda kwa kitanda, masika hadi masika.

Mtandaoni mtu anaweza kuona makala yake imetajwa na watafiti wangapi. Yangu ilikaa kwenye sifuri. Yake ikaanza kutajwa Nairobi, kisha Brazili, kisha nchi za baridi kwenye tafiti za wagonjwa wahamiaji. Kila asubuhi, kabla ya kupokezana zamu, nilifungua simu nikaitazama ya kwake kwanza. Nikikuta imeongezeka, chai naiacha ipoe mezani.

Siku moja alipita Kibondo akienda Gwarama kukagua wanafunzi wake waliokuwa kwenye mafunzo. Tukaketi mgahawani kula ugali wa muhogo na maharage.

"Nimekutaja kwenye makala yangu mpya," akasema. "Umeona?"

Nilikuwa nimeona asubuhi ileile. Sifuri ilikuwa imegeuka moja, nikafurahi peke yangu kama mwehu, nikabofya, nikakuta aliyenitaja ni yeye.

"Unanionea huruma," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Wewe unaandika mambo ya lugha. Vidonda vyangu vimeingiaje humo?"

Akaacha kula. "Dada, mwishoni uliandika kwamba baadhi ya akina mama walirudi na vidonda vimeoza kwa sababu hawakuelewa maelekezo waliyopewa siku ya kuruhusiwa. Ukaandika sentensi moja tu, ukapita. Utafiti wangu mpya umeanzia hapo."

Afadhali angenionea huruma. Jambo ambalo watu wangelitaja lilikuwa mikononi mwangu, na aliyeliona ni yeye.

"Tuandike pamoja," akasema. "Jina lako litangulie."

Nilitaka kukataa. Lakini njaa ya kutajwa ilinizidi, nikakubali.

Tukaanza kuwahoji akina mama wodini kwangu. Yeye ni mtoto wa Rungwe Mpya, hukohuko Kasulu, Kiha ndicho alichokulia. Mimi nimetokea Moshi. Alikuwa akiketi ukingoni mwa kitanda, akisema maneno machache tu, na mama aliyekuwa akinijibu "ndiyo" na "hapana" wiki nzima anaanza kusimulia, anacheka, anamshika mkono. Mimi nimesimama pembeni na kinasa sauti, nasubiri nitafsiriwe.

"Amesemaje?" nikauliza.

"Anasema wewe una mikono mizuri, ila unaongea kama redio."

Wote wawili wakacheka. Nami nikacheka, huku roho inauma. Sikuwa nikimwonea wivu wa makala tena. Nilimwonea wivu wa mama yule, mgonjwa niliyemsafisha kidonda mwenyewe.

Makala ilikubaliwa, jina langu likatangulia. Imeshaanza kutajwa. Mwezi uliopita waandaaji wa mkutano wa wauguzi Dodoma walitafuta mtu wa kuizungumzia, wakamwita yeye. Nilimpigia kumpongeza, nikamwambia avae kile kitenge chake cha bluu kinachompendeza. Nilipokata simu nilirudi wodini kusafisha vidonda, nikiongea kama redio.