Koti la Kijivu Kwenye Nguzo

Kila asubuhi, nikitoka kwangu mtaani Kongo, hapa Nairobi, kwenda kazini, kuna mahali ambapo shingo yangu hugeuka yenyewe. Ni ukingoni mwa Soko la Toi, ng'ambo ya barabara, ambapo dada yangu mkubwa aliuza makoti na sweta za mitumba kwa miaka mingi. Kibanda chake kilikuwa na nguzo moja ndefu kuliko nguzo zote za jirani, na juu kabisa alitundika nguo moja. Watu walidhani ni ya kuita wateja. Ilikuwa ya kuniita mimi.

Tulianza zamani, wakati tulikuwa na simu moja kati yetu wawili, nayo ilikaa nyumbani kwake mtaani Sarang'ombe. Mimi hufua nguo katika nyumba za watu, na nikichelewa kidogo tu mlango hufunguliwa na uso uliokunjwa. Sikuwa na nafasi ya kuvuka barabara kumsalimia. Basi siku moja akaniambia, "We mtoto wa mama, ukiona gauni la buluu lenye kola nyeupe huko juu, jioni pitia. Nimepika."

Ikawa hivyo, na maneno yakaongezeka. Suruali ya kiume ilisema kwamba shemeji yangu yuko nyumbani, hana kazi, na hataki kuona mtu. Sweta ndogo ilisema mtoto anaumwa. Shemeji alipokwenda zake na kuoa kwingine, suruali haikupanda tena, na gauni la buluu likawa linaonekana karibu kila siku. Nguzo ikiwa tupu, hajafika sokoni. Mimi nilijibu kwa kitambaa changu cha kichwa. Nilikifungua na kukifunga tena huku nikitembea, kama mtu aliyesumbuliwa na upepo, naye akajua nimeona. Hata baada ya kila mmoja kupata simu yake hatukuacha. Simu ilikuwa ya habari za nyumbani na za misiba. Nguzo ilikuwa yetu.

Koti la kijivu lilikuwa zito, la sufu, lenye vifungo vikubwa kama vifuniko vya chupa. Lilitoka katika bale lake la kwanza, lile robota la mitumba alilofungua biashara nalo, na halikununuliwa. Mwaka mmoja alirudi kutoka kijijini kwetu, kule Magharibi upande wa ziwani, akiwa na malaria. Alikaa kibandani akitetemeka ndani ya koti hilo na akiendelea kuuza, akiwaambia wateja, "Naonyesha jinsi linavyovaliwa." Nilimkuta hivyo, nikamshika mkono nikampeleka kupimwa. Tangu siku hiyo koti lilikuwa na maana moja tu: nina homa, njoo. Alilipandisha mara mbili katika miaka yote hiyo, na mara zote mbili nilivuka. Nieleze hilo mapema, kwa sababu ya yale nitakayosema baadaye.

Dada yangu aliijua hali ya hewa kupitia biashara yake. Tulipokuja Nairobi, baridi ya mwezi wa saba ilikuwa inaingia ndani ya mifupa, na sweta ziliisha kabla hajamaliza kuzitundika. Miaka ya karibuni alianza kulalamika. Baridi inachelewa, alisema, na inaondoka bale likiwa nusu. Alichanganya makoti na tisheti. Mimi niliona jambo lingine. Usiku, kule Kongo, tulianza kuamka tukijikuna. Zamani mbu wa Nairobi alikuwa wa msimu mfupi na wa kelele tu. Siku hizi alikaa.

Katika kliniki moja ambapo nilimsindikiza jirani yangu mjamzito, muuguzi alituambia akina mama tuliokuwa kwenye benchi kwamba tusizoee kusema malaria ni ya nyumbani. Joto linapanda, alisema, na mbu anafuata joto. Sikusoma sana, lakini hilo nililielewa, kwa sababu nilikuwa naliona kwenye mikono yangu mwenyewe. Niliponunua neti yangu nikanunua na ya dada. Ilikuwa kabla ya Krismasi, mvua ikiwa bado inanyesha wakati ambao haikuwa kawaida kunyesha. Nyuma ya nyumba yake mtu alikuwa amechimba msingi akauacha, na maji yalikaa humo wiki baada ya wiki, safi, yakiakisi mbingu.

Nilimpelekea sokoni, mbele ya wenzake. Hapo ndipo nilipokosea, au ndipo yeye alipokosea, sijui. Aliishika ile neti akaiinua juu.

"Jameni, oneni! Mdogo wangu ameniletea neti. Nairobi!"

Wanawake walicheka. Mmoja anayeuza viatu akauliza, "Kwani umehamia ziwani?"

"Ananiona kama nimeshuka basi leo asubuhi," dada alisema. "Mbu wa huku ni wa kuimba tu, hata hajui kuuma vizuri."

"Daktari amesema," nikamwambia, nikimpandisha cheo yule muuguzi.

"Daktari alikuambia wewe? Tangu lini unakunywa chai na madaktari?"

Wakacheka tena. Nilicheka pia, ili nisionekane nimeumia. Baada ya wiki moja nilipita nikaona neti yangu imekatwa vipande, imefunika nguo za watoto wachanga zisishike vumbi. Hakufanya kwa ubaya. Dada yangu alikuwa mtu wa mzaha na mtu wa kutumia kila kitu. Lakini mimi nilikuwa nimeinunua kwa siku zangu za kufua, na niliumia. Niliacha kupitia jioni. Gauni la buluu lilipanda, nikalitazama, nikaenda. Likapanda tena. Sikugusa kitambaa. Nilitaka anipigie simu. Nilitaka aseme kwa mdomo, "Nilikosea kukucheka." Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nilitaka hilo kama mtoto.

Mwezi wa pili mvua ilikuwa imekwisha na jua linachoma tangu saa tatu. Jumanne asubuhi nilifika pale, shingo ikageuka, na juu ya nguzo kulikuwa na koti la kijivu.

Watu wengi wamenifariji kwa kuniambia kwamba nisingeweza kujua. Koti katika mitumba, nani angejua? Nawashukuru, lakini si kweli. Nilijua papo hapo. Niliona koti la sufu katika jua lile na nikalisoma kama mtu anavyosoma jina lake. Kuna sehemu yangu ndogo iliyofurahi. Ilisema, sasa mbu amejua kuuma. Nilishika mfuko wangu kwa mikono yote miwili ili isipande kwenye kitambaa, nikaendelea.

Jumatano lilikuwapo. Alhamisi lilikuwapo pia, na siku hiyo nilimwona yeye mwenyewe ameketi chini yake, amejifunika shuka mabegani, akitazama upande wangu. Nilijiambia kwamba kesho nitavuka. Nilijiambia kwamba binti yake yuko naye, msichana wa miaka ishirini na mitatu, si mtoto, atampeleka kupimwa. Ijumaa nguzo ilikuwa tupu.

Binti alikuwa amempeleka duka la dawa siku ya kwanza. Aliyewahudumia aliuliza kama mama amesafiri. Hakuwa amesafiri, hata Krismasi hakwenda nyumbani. Basi si malaria, wakakubaliana wote watatu, na dada yangu ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. Akapewa dawa ya taifodi. Hilo ndilo kosa letu sisi tuliotoka Magharibi. Tunaijua malaria kama mtu wa ukoo, tunajua anakoishi, na hatukutarajia kumkuta amehamia karibu nasi. Walipompima hospitalini, Ijumaa jioni, ilikuwa imepanda kichwani. Nilimkuta kitandani akiongea na mama yetu, ambaye alikufa zamani. Mimi hakunijua. Jumapili alitutoka.

Nilimuuliza muuguzi kama ni mbu wa hapa. Alisema hawezi kuapa. Huenda mbu alikuja na basi, huenda alizaliwa kwenye maji yale ya nyuma ya nyumba. "Zamani ningekuambia haiwezekani," alisema. "Siku hizi siwezi kukuambia hivyo."

Tulimzika nyumbani. Usiku wa matanga binti yake aliketi karibu nami akaniuliza, polepole, "Anti, Mama alikuwa anasema tusikupigie. Alisema, ataona tu, huyu huona. Hukuona koti?"

Nikasema, "Sikuona, mwanangu. Nilikuwa napita haraka."

Akanishika mkono. Yeye ndiye aliyenifariji mimi.

Aliendelea na kibanda. Kila Jumamosi nilipitia, tukanywa chai, akaniita mama. Nguzo aliiacha tupu. Alijua kwamba ilikuwa na maneno lakini hakuyajua yote, na mimi sikumfundisha. Koti lilikuwa limekunjwa chini ya meza, na kila nilipoketi kwenye kiti cha dada magoti yangu yaliligusa. Nilitamani mno kumwona dada, hata akinicheka. Nilitamani sauti yake ile ya kunidharau mbele za watu. Lakini kila kumbukumbu niliyoifungua, koti lilikuwa ndani, na binti akinimiminia chai aliyodhani ninaistahili.

Mwezi wa saba uliofuata baridi ilikuja siku chache, ya kweli. Jumamosi moja mzee anayelinda lango la nyumba za ghorofa alisimama kibandani akatafuta kitu kizito. Binti akalitoa koti. Mzee akalivaa, akafunga vifungo vyote, akajigeuza.

"Limenikaa, ama namna gani?"

"Kama mkubwa wa polisi," binti akamwambia. Kisha akanigeukia. "Anti, niliachilie? Ama unataka likae?"

Ningeweza kusema liache liende. Lingeondoka na yule mzee, na hakuna mtu mwingine duniani aliyejua kwamba nililisoma. Hilo ndilo lililoniogopesha, jinsi ilivyokuwa rahisi. Nikamwambia mzee asubiri kidogo.

"Niliona," nikamwambia binti.

"Uliona nini?"

"Koti. Nilikudanganya matangani. Niliona, na nilijua linasema nini."

Hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, nikaona uso wake ukijifunga. "Siku ngapi?"

"Zote tatu."

"Na ukapita."

"Nikapita. Nilikuwa nimekasirika kwa ajili ya neti."

Mzee wa watu alikuwa amesimama katikati yetu ndani ya koti, hajui aangalie wapi. "Labda nije siku nyingine," akasema.

"La, mzee, chukua," binti alisema. "Nenda nalo." Akampokea pesa, akakunja mfuko wa karatasi ambao hakumpa, akaukunja tena na tena hadi ukawa mdogo kama kiberiti. Mimi akaniambia, bila kelele, "Anti, leo rudi tu nyumbani."

Sikupitia Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine. Asubuhi niligeuza shingo, nguzo ilikuwa tupu, na binti alikuwa anatundika nguo zake akinipa mgongo. Sikumlaumu. Usingizi wangu haukurudi, kama wanavyosema hurudi mtu akishatubu. Ila niliweza kumkumbuka dada yangu akitetemeka na kuwachekesha wateja, na kukumbuka hilo peke yake.

Ilipita kama miezi miwili. Mvua za vuli zilianza mapema, kwa nguvu, na asubuhi moja nilifika pale nikaona nguo juu ya nguzo. Gauni la njano la kitoto, lenye mikono mifupi. Nilisimama. Halikuwa neno tulilowahi kulitumia. Nililitazama kama mtu aliyepewa barua katika lugha ngeni, nikijaribu kukisia. Mkono wangu ulikuwa tayari umeshika kitambaa cha kichwa. Nilikifungua, nikakifunga, na mara hii nikavuka.

Binti aliniona nikija. Hakutabasamu, lakini hakunipa mgongo.

"Linasema nini?" nikamuuliza, nikionyesha juu.

Akainua macho. "Hilo? Lilinyeshewa jana, Anti. Nalikausha."

Nilihisi aibu, nikataka kurudi. Mwanamke wa viatu alikuwa anasikiliza waziwazi. Binti akapangusa kiti cha mama yake kwa mkono.

"Kwani umevuka kuuliza?"

"Ndiyo."

"Na kazi?"

"Nitachelewa."

Akanisogezea kiti. Juu ya nguo za watoto vile vipande vya neti bado vilikuwapo, vimekuwa vya kahawia kwa vumbi. Nikamuuliza kama kwake analala na neti. Akajibu vilevile ambavyo mama yake angejibu, kwamba na hili joto mtu atapumua wapi. Zamani ningenyamaza na kuumia.

"Nitakuletea," nikasema. "Nitakuja kuifunga mwenyewe juu ya kitanda. Na ukinicheka, nicheke, lakini nitaifunga."

Mwanamke wa viatu akasema, "Mwambie alete mbili." Hakukuwa na mzaha katika sauti yake.

"Haya, leta," binti alisema.

Niliketi kidogo. Magoti yangu yalitafuta koti chini ya meza, hayakulipata.