Nilipotangaza Kabla ya Kuaga

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata nikizeeka nikasahau jina langu sitaisahau. Ni siku niliyopanda nyuma ya pikapu yenye spika kubwa, nikashika kipaza sauti, na kuutangazia ulimwengu kwamba nimefungua kampuni yangu mwenyewe ya matangazo. Ninaposema ulimwengu namaanisha barabara ya kutoka Rubwera mpaka Rugera, lakini kwa jinsi zile spika zilivyounguruma sina shaka ng'ombe wa upande wa pili wa mpaka wa nchi waliinua vichwa.

Usishangae kusikia nakuita mwanangu. Mvi ninazo, ingawa mke wangu anasema nyingine ni vumbi la barabara. Katika kazi ya matangazo huku kwetu Karagwe na Kyerwa, mtu akidumu kidogo bila kukimbia anaamkiwa shikamoo hata na waliozaliwa kabla yake. Kwa hiyo kaa, nikusimulie.

Miaka ile wilaya ya Kyerwa ilikuwa bado inanukia rangi mbichi. Ofisi zilikuwa zimekuja Rubwera, watumishi wanahamia, kila mtu anajenga. Ukiacha kiwanja kitupu asubuhi, jioni unakuta duka la simu, saluni, na mama ntilie ambaye maharage yake yameshaiva. Mimi wakati huo nilikuwa Kayanga, upande wa Karagwe, mtunzi katika kampuni ya matangazo ya Bwana Projestus. Mtu akifungua duka, au wafanyabiashara wa mbegu wakitaka kusikika kwa wakulima, mimi ndiye niliyekaa na kutafuta maneno. Nikishayapata, dada mmoja aitwaye Adventina aliyasoma, nayo yakapita redioni au kwenye gari la matangazo. Sauti ya Adventina ilikuwa kitu kingine, mwanangu. Akisema "karibuni", hata mgonjwa kitandani alianza kutafuta viatu.

Projestus ndiye aliyenifundisha kazi. Alinikuta kwenye ghala la kahawa nikibeba magunia, akasikia jinsi nilivyokuwa nikiwachekesha wabebaji wenzangu, akasema maneno yale yasipotee bure. Usiku nilikuwa nasoma masomo ya watu wazima, mchana nakaa mezani kwake. Nilipomaliza kidato cha nne, nikiwa na ndevu na mtoto wa kwanza, kichwa kilinivimba mpaka kofia ikawa hainikai. Nikaona sasa wakati wangu umefika. Nikarudisha ufunguo wa ofisi kwa karani, nikamwambia nina shughuli Kyerwa, nikapanda gari.

Chumba nilichopanga Rubwera kilikuwa kidogo kiasi kwamba wazo kubwa likija ilibidi nitoke nje kulipokea. Ukutani nikaandika kwa herufi nene kwamba hapa ni kwa wakala wa matangazo, na wateja wa kwanza kuingia walikuwa watu waliokuja kutoa pesa za simu. Nikawaelekeza duka la pili, lakini kila mmoja nikamwambia akafungue biashara haraka, mimi nitaitangaza.

Basi baada ya ile ziara ya pikapu, watu wa matangazo wilaya zote mbili walichemka. Simu yangu ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka jivuni. Rwiza, fundi wa kuchora kuta na vibao vya maduka, alinipigia akasema, "Mdogo wangu, umekua. Ukuta wako wa kwanza naupaka mimi." Kwenye kundi la simu la watu wa kazi yetu, wenye magari ya spika hawakulala. Mmoja aliandika, "Mkurugenzi, hiyo ofisi ina dirisha au tukuletee?" Mchapaji wa mabango wa Kayanga akajibu, "Mwacheni, mvua zikianza atarudi." Mtangazaji mmoja wa redio akaandika neno moja tu, "Hatimaye," nami nikalisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma barua ya mchumba.

Nilifurahi, sikufichi. Kuchekwa na kusifiwa kwa pamoja ni raha kubwa, maana unajua hakuna anayelala bila kukutaja. Mtu mmoja tu hakusema kitu, na huyo ni Projestus. Nami kwa akili zangu za ujana nikajiambia ameshtuka, anaogopa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Mama Jeska, mwanamke mwenye mwili na kauli nzito, aliyekuwa anafungua duka la vifaa vya ujenzi hapo hapo Rubwera. Alitaka siku ya gulio watu wote wajue. Kama ningeifanya kazi ile vizuri, maduka mengine yangenifuata. Nikiiharibu, basi yule mchapaji angekuwa ameona mbali, na mimi ningerudi kubeba magunia.

"Maneno yako nayajua, mwanangu," Mama Jeska aliniambia. "Ila nataka yasomwe na yule dada. Mtu mwingine akisoma, watu watadhani nauza misumari ya mbao."

"Hilo dogo, mama."

"Basi lifanye. Usipompata, mimi narudi Kayanga."

Nikampigia Adventina papo hapo.

"Kaka Deo, hongera," alisema, na kwa ile sauti yake nikajiona nimeshakuwa tajiri. "Nimefurahi kweli. Lakini kusoma siwezi."

"Bosi amekukataza?"

"Hajasema neno. Ndiyo maana siwezi. Pikapu yako ilipopita Rugera alikuwa shambani kwake anapogoa mibuni. Aliacha kisu akasimama, akakusikiliza mpaka mwisho. Tangu siku ile jina lako halitaji. Sasa mimi nikusomee, halafu kesho nimwangalie usoni?"

Siku zile zile mgongo wa Rwiza ukaanza kumuuma ghafla, ukuta hawezi kuupaka. Mwenye pikapu naye akasema gari lina hitilafu, ingawa nililiona likipita limejaa mashabiki wa mpira. Nikaelewa kwamba wote walikuwa wanamtazama Projestus. Huku kwetu mtunzi bila msomaji, mchoraji na spika ni mtu anayezungumza peke yake chumbani.

Nikapandwa na hasira, na hasira ikanipa maneno. Nikatunga tangazo la kumjibu mzee wa watu bila kumtaja, lenye kejeli kila mstari, kuhusu kampuni za zamani zenye sauti iliyokauka. Nilikuwa sijawahi kutunga kitu kitamu namna ile. Nikashuka mpaka Ihembe kwa shangazi yangu Konsolata nimsomee, maana kila tangazo langu lilipita kwanza masikioni mwake. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Soma, naona linakuwasha."

Nikasoma. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Nikajua nimeshinda. Kisha akaokota kisu, akaendelea kumenya.

"Tamu," alisema. "Kaka yako Anselimu alipopewa kibanja chake, shamba lake mwenyewe la migomba, machipukizi aliyapata wapi?"

"Kwa baba."

"Aliingia usiku akachimba?"

"Hapana, shangazi. Aliomba. Baba akazunguka naye shamba zima, akamchagulia yaliyo na nguvu."

"Na wewe, hayo maneno unayouza Rubwera, umeyatoa kibanja cha nani?"

"Lakini nilitangaza, shangazi. Wilaya mbili zilisikia."

"Hata mbuzi wa Rugera walisikia. Projestus ukamweka kundi moja na mbuzi. Mtu aliyekutoa kwenye magunia, unamwambia unaondoka kwa spika, kama mpita njia wa gulioni?"

Hapo, mwanangu, nikaikunja karatasi yangu. Nilitaka kujitetea kwamba sikuwa na nia mbaya, na kweli sikuwa nayo. Ni ugonjwa wa kazi yetu. Mtu wa matangazo akishapaza sauti anadhani ameshazungumza na kila mtu.

Shangazi akatoka nje, akanionyesha mkungu mmoja uliokomaa vizuri. "Kata ule. Umpelekee. Uage kwanza, ndipo uombe. Na hiyo karatasi iache hapa, nina moto wa kuwashia."

Bodaboda aliyenipeleka Rugera alilalamika njia nzima kwamba ule mkungu ulikuwa mzito kuliko mimi, na hakukosea. Projestus alikuwa uani anageuza kahawa kwenye mkeka. Hakuinuka.

"Shikamoo, Bwana Projestus."

"Marahaba." Akageuza kahawa kidogo. "Nasikia kuna kampuni mpya Rubwera."

"Ndiyo, waitu," nikajibu kwa neno letu la heshima.

"Mwenyewe unamjua?"

"Namjua. Amekuja kuaga. Amechelewa."

Akaniangalia, mimi nimesimama na mkungu begani, jasho linanitiririka machoni, kuutua naogopa.

"Tangazo lako lilikuwa refu," alisema. "Umesema 'ya kipekee' mpaka mibuni ikachoka. Mimi nilikuwa nasubiri umtaje aliyekufundisha. Nikasema labda anamweka mwishoni, ndiyo nzuri zaidi, mwishoni. Nikasubiri. Ukaja muziki."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angenifokea. Nikautua mkungu, nikamwambia, "Nimekosea, bwana. Nimekuja kuaga kama inavyotakiwa. Na ukiniruhusu, nimekuja kuomba chipukizi."

Akaacha kahawa. Uso ulianza kumkunjuka taratibu, kisha kicheko kikatoka kwa kishindo, kuku wakakimbia. Akamwita mkewe, "Mama, njoo usikie. Mkurugenzi anaomba chipukizi." Mama akaja na rubisi, pombe yetu ya ndizi, tukaketi, nikamweleza kuwa Mama Jeska anamtaka Adventina, nikatakiwa kulisoma tangazo la duka lake. Nilisoma kwa mbwembwe zangu zote: mabati yanayong'aa kuliko jua, misumari isiyojua kupinda tangu dunia iumbwe. Akanisikiliza amefumba macho.

"Toa jua. Toa dunia. Watu wa Kyerwa wanajenga, hawataki mashairi. Sema, 'Kabla hujainua ukuta, pita kwa Mama Jeska.' Kisha unyamaze, Adventina avute pumzi, watu waisikie."

Niliona mara moja kwamba ndilo tangazo lenyewe, na mengine yote yalikuwa makapi. Akachukua simu, akampigia Adventina mbele yangu. "Huyu ndugu yako nenda kamsomee. Umsomee kama unavyonisomea mimi. Ukimsomea ovyo nitajua."

Ungeona habari ilivyokimbia. Kabla sijafika Rubwera mgongo wa Rwiza ulikuwa umepona, na ukuta wa Mama Jeska umeshapata rangi ya kwanza. Gari la spika likapona hitilafu bila fundi. Kwenye kundi la simu wakaanza kugombania nani aje gulioni, na yule mchapaji wa mabango akaleta bango mwenyewe kwa pikipiki, akalifunga mwenyewe, akiniambia, "Mvua hizi zimechelewa, naona umepona." Nikamwambia hata zikija, nimeshaezeka.

Siku ya gulio, Adventina aliposema lile neno la ukuta kisha akanyamaza, wauza nyanya waliacha kupima. Nakwambia hata jogoo alisubiri. Kisha watu wakaanza kuelekea dukani, na Mama Jeska akasimama mlangoni mikono kiunoni akinitafuta kwa macho. Aliponiona alisema tu, "Usiende mbali, nina duka la pili." Nililia, mwanangu, mtu mzima mwenye cheti cha kidato cha nne, nikasingizia vumbi.

Tangu hapo mimi na Projestus tulinyang'anyana wateja bila huruma. Alinipokonya wenye mbegu, nikampokonya wenye saruji, akanicheka, nikamcheka. Lakini sikuwahi kupita Rugera bila kuingia kwake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kusimama mwenyewe, nenda. Usikae unangoja ruhusa ya wenye hofu, maana dunia ina kazi nyingi na watunzi ni wachache. Watakaokucheka waache wacheke, hao wanakutangaza bure. Ila kabla hujaiambia wilaya, mwambie mtu mmoja, yule aliyekufundisha. Nenda mwenyewe kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo wako, na masikio yako yawe tayari kwa jibu lolote atakalokupa. Akikubariki, utatoka na nguvu kuliko ulivyoingia. Akikukatalia, utakuwa umeondoka mchana, uso juu, na wenzako wa kazi hawataona aibu kukushika mkono.

Mungu akupe neno linalofika, mwanangu, na wateja wanaorudi bila kuitwa. Akupe wapinzani hodari ili usilale, na rafiki mmoja atakayekwambia tangazo lako ni refu. Na utakapokuwa mkubwa, kijana wako wa kwanza akija kukuaga, Mwenyezi Mungu akujalie umsindikize mpaka barabarani huku unacheka. Amina.