Posa Iliyokosea Geti Kizingo

Wallahi nawasimulia huku nimeinamisha uso, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mtaa wetu wote wa Ndia Kuu, hapa Mombasa, ulishacheka na mimi bado nauza vitambaa palepale, sina pa kukimbilia. Mimi Shee, mtu mzima na mvi zangu, nilikwenda Kizingo kumposea mtoto wa marehemu ndugu yangu, nikaposa nyumba ya watu wengine.

Feisal hana baba, babake ni mimi. Alimpenda Munira, wanawake wetu wakenda wakazungumza na mamake wakaelewana, kukabaki sisi wanaume kupeleka neno kwa babake, Mzee Twalib. Hakuna kati yetu aliyepata kumuona, ila sifa yake tulikuwa nayo: posa ya kwanza ya bintiye aliikataa kwa sababu walioileta walichelewa. Sisi tulipewa saa kumi na nusu.

Feisal akataka kunitumia ramani kwenye simu. "Ami, nyumba za kule zafanana."

"Mwanangu, mimi mzaliwa wa kisiwa hiki nionyeshwe njia na simu?" (Hapo ndipo nilipojimaliza.) Kwetu ukitaja jina la mtu, yuko wa barazani atakayekupeleka hadi mlangoni, na akwambie na walichopika.

Basi tukenda kwa miguu, wazee wanne, kanzu zimenyooka, mimi nimebeba siniya ya halua. Subhanallah! Mwendo mfupi tu kutoka kwetu, na ni dunia nyingine. Njia pana haina mtu, magari yapita vioo vimefungwa, miti imekutana juu ya vichwa vyetu, mageti marefu kuliko milango ya msikiti, na kimya, kimya mpaka nasikia makubadhi yangu mwenyewe. Kwetu jirani akipiga chafya wamuombea rehema ukiwa kitandani. Hapa nilitafuta mtu wa kumuuliza sikupata hata mmoja. Nilikuwa nimeambiwa geti jeusi lenye maua ya zambarau juu yake. Yote meusi! Yote yana maua! Saa nayo yaenda, nikagonga moja nikijitia najua, na askari wa getini kuona kanzu na halua, akafungua bila ya swali.

Ndani niliona haya kuzikanyaga zile nyasi. Na sebule je! Maulidi ya mtaa wetu mzima yangesomwa humo na nafasi ikabaki. Mwenye nyumba, Mhindi wa makamo, mtu wa Mombasa kindakindaki, akatupokea kwa mikono miwili. (Nikajiambia, kumbe Mzee Twalib ni Mhindi na wanawake hawakunambia!) Kahawa ikaja, sambusa zikaja. Yeye hakuuliza tumefuata nini, maana mgeni haulizwi kabla hajanywa, na mimi sikumuuliza jina, maana utamuulizaje jina mtu unayetaka awe mkwe wako? Adabu zetu ndizo zilizoniponza.

Nikasimama, nikamhimidi Mola, nikamswalia Mtume, nikamsifu marehemu ndugu yangu hadi machozi yakanilenga, nikamaliza: "Tumekuja kumuombea kijana wetu Feisal binti yako Munira."

Yule bwana akakiweka kikombe chini taratibu. "Mzee wangu, maneno mazuri kama haya sijapata kuyasikia, na ningekuwa na binti ningekupa. Lakini Mungu amenijaalia wana wa kiume watupu."

Mzee mmoja wetu alikuwa na sambusa mdomoni, hakujua ameze ama aitoe. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na moja kasorobo. Nilimfikiria Feisal, nikamfikiria ndugu yangu kaburini, nikasema kwa sauti, "Nimemharibia yatima."

"Mwamtafuta nani?"

"Mzee Twalib."

Yule bwana hamjui. Akamwita askari, na askari akanyoosha kidole: nyumba ya pili, ukuta mmoja! Bwana akainamisha kichwa. "Niko hapa miaka kumi na mmoja. Mimi hutoka na gari, naye hutoka na gari." Akavaa kofia yake. "Twendeni. Nitasema mimi."

Mzee Twalib alikuwa amesimama getini kwake, uso umekunjika. Kabla sijafunua mdomo, yule bwana alimpa mkono. "Assalaam alaykum. Naitwa Abbas, jirani yako. Wageni wako wamechelewa kwa kahawa na sambusa zangu. Na huyu mzee amemlilia kijana wake mbele yangu nisiyehusika, basi kwako atalia vipi?"

Mzee Twalib akaupokea mkono. "Miaka yote hii, na siku ya kwanza kunijia umekuja na posa ya watu!" Akacheka, akafungua geti, tukaingia sote watano.

Hotuba sikuirudia. Nikasema tu, "Naomba binti yako, na naomba radhi."

"Binti nimekupa," akasema. "Radhi muombe jirani, ndiye uliyemlia sambusa zake."

Tangu siku hiyo nimeapa: sikai kitako kwa mtu kabla sijamuuliza jina, na anayeniona sina adabu na anione.