Hilda Alikwenda Kutembea

Mtu wa Kizota, hapa Dodoma, akikwambia Hilda Mazengo alikuwa mgonjwa, mwambie Zaitun kakataa. Zaitun mwenyewe ndiye mimi, fundi cherehani, jirani yake ukuta kwa ukuta. Nimeikanusha habari hiyo mpaka koo limenikauka.

Hilda ana mashine ya kusaga nafaka. Mumewe alipofariki, mashemeji walimwambia aiuze, eti mwanamke haiwezi. Akajifunga khanga kiunoni, akajifunza kuifungua na kuifunga mwenyewe, na watoto wake wote wamesomeshwa na unga ule. Siku ya kazi hafungi mlango ila kwa msiba.

Mwaka jana binamu yangu Salwa, aliyeolewa Ngazija huko Komoro, alinipigia simu kunialika. "Njoo, dada! Kijinchi chenyewe kidogo, bahari hii hapa, mlima huu hapa." Nikamhadithia Hilda, mazungumzo tu ya kupoteza wakati. Akazima mashine.

"Twende," akasema.

"Kufanya nini?" Hata mimi niliuliza, nakiri.

"Kutembea. Kwani wenzetu wakienda likizo huwa wanafanya nini?"

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kwa ndugu zake, kule kwao Kongwa, mtu hasafiri hivihivi. Ukionekana na begi utaulizwa nani kafa, nani anaoa, au unaumwa nini. Msiba haukuwepo, harusi haikuwepo, basi wakamalizia wenyewe. Wateja wakaleta uwele wao kusaga, wakiondoka wanasema, "Pole mama, Mungu yupo." Mdogo wake Nathanaeli akaja toka Kongwa na jogoo mikononi na machozi machoni. "Dada, usinifiche. Ni figo?"

"Ni likizo, Nathanaeli."

Akalia zaidi. Mie mtani wao, babu yangu alifika hapa na misafara kutoka Unyamwezi, kwa hiyo ruhusa ya kuwacheka ninayo, na nilicheka haswa. Lakini usiku ule Hilda hakucheka. Alikaa kwenye kibaraza changu akanitazama.

"Zaitun, yaani mtu kama mimi hawezi kufurahi mpaka awe anakufa? Nikirudi nataka waseme neno moja tu, kwamba Hilda alikwenda kutembea. Sitaki lingine."

Tukaondoka. Nathanaeli alitusindikiza stesheni ya treni akimshika dada yake kiwiko kama yai.

Treni ikatufikisha pwani, ndege ikatuvusha bahari. Ngazija ilimkubali Hilda, naye akaikubali. Baharini aliingia na khanga yake mpaka kifuani, akaonja maji, akatema, akacheka peke yake. Nyumbani kwa Salwa wanakinga maji ya mvua kwenye birika kubwa la saruji, maana mito hawana. Sisi wa Dodoma kubana maji hatufundishwi. Hilda alioga kwa makopo mawili tu, mama mkwe wa Salwa akampenda papo hapo.

Kisha akautaka mlima. Karthala, mlima wenye moto tumboni! Kileleni hatukufika, nisiwadanganye, lakini tulipanda na mwenyeji mpaka juu ya mawingu, na huko, wallahi, tukakuta ng'ombe wanakula majani. Hilda alisimama katikati yao akaweka mikono kiunoni.

"Mama yangu! Ng'ombe wanaiona bahari!"

Akampigia Nathanaeli. "Niko mlimani, bahari iko chini yangu!"

"Dada, mbona unahema? Mpe simu Zaitun!"

Nikaipokea. Mie nilikuwa hoi kuliko yeye, maneno hayatoki. Nathanaeli akaangua kilio: sasa wagonjwa tulikuwa wawili.

Tuliporudi Dodoma tulimkuta stesheni na gari la kukodi, godoro limetandikwa nyuma. Hilda alilitazama lile godoro. Akajitwika begi lake kichwani, akachukua na langu mkononi, akatembea mpaka barabarani. Nathanaeli akamfuata nyuma na godoro lake.

Jumapili Hilda aliniomba nimsindikize kanisani. Nikakaa benchi la nyuma na mtandio wangu. Mchungaji, mtu mwema kabisa, akatangaza kwamba mama Hilda ataletwa mbele kumshukuru Mungu kwa kumponya. Nikaona mabega ya shoga yangu yanashuka. Alisimama, akawaamkia kwa lugha ya kwao, "Mbukwenyi," kisha akasema taratibu, "Sikuwa mgonjwa." Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akasema, "Masikini, anajikaza."

Nathanaeli akainuka. Mtu huyu hajawahi kusema mbele za watu isipokuwa kwenye mnada wa ng'ombe, na kwa sauti ile ile ya mnadani akasema:

"Nyamazeni! Mimi ndiye niliyeanza kulia, na mimi nawaambia acheni. Nilimpelekea godoro, akanipita na mizigo miwili. Dada yangu amesaga unga wenu tangu mkiwa watoto. Safari hii hakumfuata maiti wala daktari. Amepanda mlima akaiona bahari, kwa jasho lake. Hilda alikwenda kutembea!"

Hilda akajifunika uso kwa khanga, na mara hii machozi yalikuwa yake.

Basi nikaona wenye kanisa wanachelewa kumshangilia. Nikasimama kule nyuma, Mwislamu peke yangu, nikapiga kigelegele cha kwanza.